Ge- ni Ndugu wa Ku-, Si wa -Me-: Uhakiki wa Kanuni ya Viambishi Awali katika Umbo Timilifu la Kitenzi cha Kijerumani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kanuni ambayo kwayo wanafunzi wa Kijerumani huelezwa namna viambishi awali vinavyoathiri umbo timilifu la kitenzi. Kanuni hiyo ina vifungu vitatu, navyo hukaririwa kana kwamba havihusiani. Makala yanadai kwamba vifungu hivyo ni matokeo ya jambo moja, yaani mkazo, na kwamba mzungumzaji wa Kiswahili tayari ana kinywani mwake kanuni ya aina hiyohiyo katika kiambishi ku- cha vitenzi vya silabi moja. Kwa hiyo ulinganisho uliozoeleka baina ya ge- na -me- unapotosha. Ulinganisho unaofaa ni baina ya ge- na ku-. Mifano mingi imetungwa na mwandishi kwa kutumia mazingira ya Msamvu, mjini Morogoro.

1.0 Utangulizi

Uhusiano wa Kijerumani na Kiswahili una zaidi ya karne moja. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani jijini Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Wataalamu wa Kijerumani wa enzi hizo walikichunguza Kiswahili kwa bidii. Mathalani, Carl Meinhof alichapisha mwaka 1910 kitabu kuhusu lugha ya Waswahili wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Uchunguzi huo ulikuwa wa upande mmoja. Mjerumani aliandikiwa sarufi ya Kiswahili kwa lugha yake, ilhali Mswahili hakuandikiwa sarufi ya Kijerumani kwa lugha yake kwa kiwango kinacholingana na hicho. Maneno ambayo hutajwa mara kwa mara kuwa yametoka Kijerumani, yaani shule (kutoka Schule) na hela (kutoka sarafu ya Heller), ni nomino. Kitenzi cha Kijerumani, pamoja na viambishi vyake, hakikuvuka.

Leo hali imebadilika. Sheria ya Ujerumani ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2020, na vijana wa Kitanzania wanaotaka kusomea au kufanya kazi ya uuguzi nchini humo wanatakiwa kuthibitisha kwa mtihani kwamba wanakimudu Kijerumani. Muuguzi anayeomba kutambuliwa kitaaluma kwa kawaida hutakiwa kufikia ngazi ya B2. Katika ngazi hiyo hakuna anayeweza kulikwepa umbo timilifu, kwa kuwa Wajerumani wanapozungumza husimulia mambo yaliyopita hasa kwa umbo hilo.

Katika makala haya, umbo timilifu ni lile ambalo Wajerumani huliita Partizip II. Huandamana na kitenzi kisaidizi haben au sein, kama katika hat gekauft 'amenunua' na ist gekommen 'amekuja'. Katika vitenzi vya kawaida huwa na ge- mwanzoni na -t au -en mwishoni. Swali linalohakikiwa ni hili: kwa nini kitenzi kinapopata kiambishi awali, ge- wakati mwingine hubaki, wakati mwingine huingia katikati, na wakati mwingine hutoweka kabisa?

2.0 Kanuni ya Vifungu Vitatu

Jibu linalotolewa darasani kwa kawaida ni hili:

(1) a. Viambishi visivyotengana na shina (be-, emp-, ent-, er-, ge-, miss-, ver-, zer-) huzuia ge-: bekommen 'pata' huwa bekommen, verkaufen 'uza' huwa verkauft, erzählen 'simulia' huwa erzählt.

b. Viambishi vinavyotengana na shina (ab-, an-, auf-, aus-, ein-, mit-, zu- na vinginevyo) huiruhusu ge- ikae katikati: ankommen 'fika' huwa angekommen, abfahren 'ondoka' huwa abgefahren, einsteigen 'panda (gari)' huwa eingestiegen.

c. Vitenzi vyenye mwisho -ieren havichukui ge-: reparieren 'tengeneza' huwa repariert, studieren 'soma (chuoni)' huwa studiert.

Vifungu hivi vinatosha kuzalisha tungo sahihi nyingi:

(2) a. Der Bus ist in Msamvu angekommen. 'Basi limefika Msamvu.'
b. Wir haben die Fahrkarten bekommen. 'Tumepata tiketi.'
c. Der Fahrer hat den Reifen repariert. 'Dereva ametengeneza tairi.'

Jambo moja katika kanuni hii halina ubishi. Kiambishi awali hakibadilishi irabu ya shina wala mwisho wa umbo timilifu. Anayejua kwamba stehen 'simama' huwa gestanden hahitaji kujifunza upya verstanden 'elewa' wala aufgestanden 'inuka, amka'. Kinachoweza kubadilika ni kitenzi kisaidizi, kwa sababu kiambishi hubadilisha maana na wakati mwingine huleta yambwa: husemwa er ist gekommen 'amekuja', lakini er hat den Brief bekommen 'amepata barua'.

3.0 Upungufu wa Kanuni

Upungufu wa kwanza ni wa istilahi. Tunapoandika kwa Kiswahili, neno "kiambishi awali" hubeba mambo matatu kwa pamoja: ge- ya umbo timilifu, ambayo ni ya kisarufi, be-, ver- na wenzake, ambavyo huunda kitenzi kipya, na an-, auf- na wenzake, ambavyo katika tungo huweza kuachana na kitenzi na kwenda kukaa mwishoni, kama katika der Bus kommt um acht Uhr an 'basi linafika saa mbili'. Tena ge- yenyewe iko katika makundi mawili. Katika gehören 'kuwa mali ya' na gefallen 'pendeza' ni sehemu ya kitenzi. Kwa sababu hiyo, gehört huweza kuwa umbo timilifu la hören 'sikia' au la gehören, na ni muktadha pekee unaotofautisha. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba "kiambishi awali huzuia kiambishi awali" ana haki ya kuuliza ni kipi kinachozuia kipi.

Upungufu wa pili ni wa data. Yapo makundi matatu ya vitenzi ambayo kanuni haiyafikii:

(3) a. Visivyo na kiambishi wala -ieren, lakini havichukui ge-: trompeten 'piga tarumbeta' huwa trompetet, prophezeien 'tabiri' huwa prophezeit.

b. Vinavyoonekana kama vina kiambishi au ni vya kuunganishwa, lakini huchukua ge- mwanzoni kabisa: antworten 'jibu' huwa geantwortet, urteilen 'toa hukumu' huwa geurteilt, frühstücken 'kunywa chai ya asubuhi' huwa gefrühstückt.

c. Vyenye kiambishi kinachotengana, lakini bila ge- katikati: vorbereiten 'andaa' huwa vorbereitet, anprobieren 'jaribu (nguo)' huwa anprobiert, anvertrauen 'kabidhi kwa kuamini' huwa anvertraut.

Kwa kawaida vitenzi vya (3) hupewa wanafunzi kama orodha ya vighairi. Mhakiki hana budi kulitilia shaka jambo hilo. Kanuni inapohitaji orodha ya vighairi kila upande, tatizo aghalabu liko kwenye kanuni yenyewe.

4.0 Mkazo kama Ufafanuzi Mmoja

Wanafonolojia wa Kijerumani, akiwamo Richard Wiese katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu fonolojia ya lugha hiyo, wameihusisha ge- na mkazo. Kwa mahitaji ya makala haya, hoja hiyo inaweza kuelezwa hivi:

(4) Ge- hukaa mwanzoni mwa shina, baada ya kiambishi kinachotengana iwapo kipo. Hujitokeza ikiwa tu silabi inayoifuata ndiyo inayobeba mkazo wa shina hilo.

Tukiijaribu kauli hii kwa data yote iliyotangulia, inasimama. Kaufen huanza na silabi yenye mkazo, hivyo tunapata gekauft. Katika verkaufen, ver- haina mkazo nayo ni sehemu ya shina, hivyo ge- haina pa kuegemea. Ankommen ni an- na kommen, na kommen huanza na mkazo. Ndiyo maana tunapata angekommen. Studieren ina mkazo kwenye -ie-, si mwanzoni. Trompeten na prophezeien zina mkazo ndani, si mwanzoni. Antworten na frühstücken zina mkazo mwanzoni, basi huchukua ge- bila kujali sura yao. Katika vorbereiten, baada ya vor- kinafuata bereiten, ambacho huanza na be- isiyo na mkazo. Vighairi vyote vya (3) vinakuwa mifano ya kawaida.

Upo ufafanuzi mwingine unaostahili kujadiliwa, nao ni wa kimaana. Kihistoria, ge- ilikuwa kiambishi cha ukamilifu. Vitenzi ambavyo tayari vilikuwa na maana ya ukamilifu havikuihitaji, na masalia yake ni worden katika tungo kama die Straße ist gebaut worden 'barabara imejengwa'. Kwa mujibu wa maelezo haya, ver- na be- huizuia ge- kwa sababu zenyewe zimekwisha kuleta ukamilifu. Maelezo haya yana thamani kwa historia ya lugha, lakini hayafafanui Kijerumani cha leo. Studieren haina ukamilifu wowote ndani yake, wala trompeten, na bado hazichukui ge-. Kiholanzi, lugha ya jirani, kinatuthibitishia kwamba mambo haya mawili yanaweza kuachana: Mholanzi husema gestudeerd, akiiweka ge- kwenye kitenzi hichohicho ambacho Mjerumani huiondoa, ilhali husema betaald 'lipa' bila ge-. Katika Kiholanzi kinachozuia ni kiambishi. Katika Kijerumani kinachozuia ni kukosekana kwa mkazo.

5.0 Kwa Nini Ge- Si -Me-

Mzungumzaji wa Kiswahili anapokutana na hat gekauft 'amenunua' huvutwa kuilinganisha ge- na -me-. Zote ni viambishi, zote hutangulia mzizi, na zote huonekana pale penye jambo lililokamilika. Ulinganisho huu hupendeza mwanzoni, kisha huleta hasara. Kiambishi -me- hubeba maana ya hali timilifu, na hakiwezi kuondolewa maana ikabaki vilevile. Ge- huondoka katika verkauft na repariert, na wakati uliotajwa haubadiliki hata kidogo. Maana ya wakati inabebwa na kitenzi kisaidizi pamoja na umbo zima, wala si na ge- pekee. Mwanafunzi aliyeamini kwamba ge- ndiyo -me- huona verkauft kama kitenzi kilichopungukiwa, akakijazia: *geverkauft. Kosa hilo lina mantiki yake, na mantiki hiyo imetokana na ulinganisho usiofaa.

Kiswahili kina kiambishi kingine kinachofanana zaidi na ge-. Tuangalie vitenzi vya silabi moja:

(5) a. amekula, alikula, anakula, atakula
b. akila, akala, hula, ale, hali
c. amemla, alimla, atamla

Katika (5a) kuna ku- ambayo haina maana ya kitenzi-jina, kwa kuwa amekula haimaanishi zaidi ya -me- na -la. Katika (5b) na (5c) ku- hiyo haipo, na maana ya mzizi haikupungua. Sababu yake ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -me-, -li-, -na- na -ta- havipokei mkazo, hivyo mzizi wa silabi moja unapovifuata, ku- huletwa ili ipokee mkazo huo. Viambishi -ki-, -ka- na hu- huupokea vyenyewe, na katika (5c) kiambishi cha yambwa m- huupokea. Hakuna mtoto wa Msamvu, wala wa Matombo juu ya milima ya Uluguru, anayefundishwa kanuni hii anapojifunza Kiswahili. Huitumia tu.

Hivyo amekula na hat gegessen zinalingana kwa namna ambayo haikutarajiwa. Katika kila moja kuna kipashio kisicho na maana yake chenyewe, ambacho huja au huondoka kwa amri ya mkazo.

Ulinganisho huu una mipaka, nayo ni lazima itajwe. Ku- hupokea mkazo yenyewe. Ge- haina mkazo kamwe, bali huitangulia silabi yenye mkazo. Ku- huwahusu vitenzi vichache, ambavyo ni vya silabi moja, pamoja na -enda na -isha ambavyo huyumba (ameenda, amekwenda). Ge- inahusu sehemu kubwa ya vitenzi vya lugha nzima. Kwa hiyo haidaiwi hapa kwamba kanuni ni moja. Kinachodaiwa ni kwamba ni za aina moja, na kwamba mwanafunzi anayeielewa ku- yake hatashangazwa na kiambishi kinachotii sauti badala ya maana.

6.0 Barabara za Msamvu na Mtego wa Mkazo

Yapo madai kwamba kanuni ya mkazo haimsaidii mwanafunzi, kwa kuwa hajui mkazo wa kitenzi asichowahi kukisikia. Hoja hii ina uzito, ila jibu lipo. Viambishi be-, emp-, ent-, er-, ge-, ver- na zer- havina mkazo kamwe, na -ieren huwa na mkazo daima. Orodha za (1) hazitupwi, zinapewa sababu. Tena kamusi nzuri huonyesha mkazo, ingawa wanafunzi wengi hawakuzoezwa kuitazama alama hiyo.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili huja na mazoea yake. Akiachwa, huupeleka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na husema anKOMmen badala ya ANkommen. Akishasema hivyo, kwa sikio lake kitenzi kinafanana na beKOMmen, na kuikosa ge- katikati si ajabu tena. Hatari inaonekana waziwazi katika viambishi vyenye tabia mbili: durch-, über-, um-, unter- na wieder-.

Pale Msamvu, ambapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika kuelekea Dodoma na Iringa, kuna mzunguko ambao madereva huuita kiplefti. Tuchukulie kuna kibao kando yake:

(6) a. Der Fahrer hat das Schild umgefahren. 'Dereva amekigonga kibao na kukiangusha.'
b. Der Fahrer hat das Schild umfahren. 'Dereva amekizunguka kibao.'

Katika (6a) kitenzi ni UMfahren, kiambishi hutengana, na ge- huingia. Katika (6b) kitenzi ni umFAHren, kiambishi hakitengani, na ge- hutoweka. Kwa maandishi, vitenzi-jina vyao ni sawasawa, herufi kwa herufi. Mwenye mazoea ya mkazo wa Kiswahili atatamka umFAHren katika hali zote mbili, kisha kwa kufuata sauti yake mwenyewe atasema umfahren. Akitoa ushahidi kuhusu ajali, atakuwa amemsafisha dereva aliyegonga. Vivyo hivyo ÜBERsetzen 'vusha (mto)' huwa übergesetzt, ilhali überSETzen 'tafsiri' huwa übersetzt. Na WIEDERholen 'enda kuchukua tena' huwa wiedergeholt, ilhali wiederHOlen 'rudia' huwa wiederholt.

Wala isidhaniwe kwamba jambo hili ni geni mno kwetu. Kiswahili nacho kina barabára, njia ya magari, na barábara, yaani sawasawa kabisa. Herufi ni zilezile, na mkazo pekee ndio unaoamua. Mwalimu anayeanza na jozi hiyo kabla ya umfahren atakuwa amemwonyesha mwanafunzi kwamba sikio lake tayari lina uwezo unaotakiwa.

7.0 Athari kwa Wanaojifunza kwa Ajili ya Kazi

Umuhimu wa suala hili unaonekana zaidi wodini. Muuguzi anapokabidhi zamu husimulia yaliyotendeka, na vitenzi vyake vingi ni vya mzizi mmoja wenye viambishi tofauti. Kutokana na legen 'laza, weka' kuna gelegt, verlegt 'amehamishwa' na angelegt 'amefungwa (bandeji)'. Kutokana na nehmen 'chukua' kuna eingenommen 'amemeza (dawa)' na abgenommen, ambayo huwa 'ametolewa (damu)' au 'amepungua uzito' kulingana na tungo. Gebrochen hutumika mfupa unapovunjika, na erbrochen mgonjwa anapotapika.

Kosa la *geverlegt huenda likaeleweka na msikilizaji mvumilivu. Lakini anayeongeza na kuondoa ge- kwa kubahatisha hupoteza utulivu anaouhitaji ili akisikilize kiambishi chenyewe, na kiambishi ndicho kilichobeba habari ya mgonjwa. Mwanafunzi aliyegharimia nauli, ada na miezi ya masomo anastahili maelezo yanayompunguzia mzigo wa kukariri.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kanuni ya vifungu vitatu inaeleza matokeo bila kugusa chanzo, na kwamba chanzo hicho ni mkazo wa shina. Umeonyesha pia kwamba kuilinganisha ge- na -me- kunazaa makosa yanayotabirika, ilhali kuilinganisha na ku- ya amekula kunamwezesha mwanafunzi kutumia ujuzi alio nao.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, vitabu vya Kijerumani vinavyoandikwa kwa Kiswahili vitenganishe kiistilahi kiambishi cha kisarufi, kiambishi kisichotengana na kiambishi kinachotengana, badala ya kuviita vyote "kiambishi awali" bila ufafanuzi. Pili, mkazo ufundishwe kabla ya umbo timilifu, na kila kitenzi kipya kiandikwe ubaoni kikiwa na alama ya mkazo. Tatu, mwalimu aanze na data ya (5) kabla ya data ya (1), ili mwanafunzi aione kanuni ya aina hii kwanza katika lugha yake. Kinachohitaji kuchunguzwa zaidi ni wazungumzaji ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, wakiwamo Waluguru, ili ijulikane kama mkazo wa lugha zao za kwanza unayaongeza au unayapunguza matatizo yaliyojadiliwa hapa.